Kanuni Ndogo Namba Kumi na Nne

Mimi ndiye niliyeiandika, neno kwa neno,
Januari ile baraza lilipokaa hadi saa tano usiku
na kahawa ikatuishia kabla ya ajenda:
kengele ya uongo ni mlio wowote wa king'ora
usiotokana na moto, mhalifu, wala hatari yoyote.
Ya kwanza, onyo. Ya pili, onyo kwa wino mwekundu.
Ya tatu, dola sabini na tano.
Ya nne, mia na hamsini.
Ya sita, polisi hawaji tena.

Tulikuwa na sababu. Hadlow ina askari wawili,
gari moja, na barabara zinazomezwa na theluji tangu Novemba.
Mwaka uliotangulia walikimbizwa mara mia mbili na kumi na moja,
wakamkuta mwizi mmoja,
naye alikuwa amelala.

Nikawa mtu wa barua.
Kwa Oksana wa duka la maua: puto la siku ya kuzaliwa
lilijifungua usiku, likazurura chini ya dari
mbele ya jicho la mtambo.
Kwa daktari wa meno: paka, tena si wake.
Kwa mchungaji Friesen, aliyeisahau namba ya siri
akabaki kizani akijaribu
tarehe za kuzaliwa za wanawe, mmoja baada ya mwingine.
Mzee Bettcher alikuja kulipa kwa sarafu.
Alizipanga mezani kimya, kisha akasema,
"Uongo ni neno zito, Verna.
Mtambo hauna ulimi. Umeona kitu, umesema."
Nikamkatia stakabadhi.

Tarehe tisa Februari kikalia cha kwangu.
Nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri,
saa nane na dakika sita za usiku.
Nilishuka ngazi na shoka la marehemu mume wangu,
na mlango wa mbele ulikuwa wazi,
baridi imeingia hadi jikoni kama mwenye deni lake.

Konstebo Desjarlais alifika baada ya dakika kumi na moja.
Akamulika kufuli: halina mkwaruzo.
Limefunguliwa kwa ufunguo.
Akamulika theluji: nyayo za kuja, fupi fupi,
za mtu aliyesimama mara mbili njiani akifikiri;
nyayo za kurudi, ndefu, za mbio.
Kizingitini, glavu moja.

Kibao cha namba hakisahau. Kilituonyesha
tarakimu nne zilizobonyezwa, zikakataliwa,
zikabonyezwa tena polepole, kama kwa adabu:
namba yetu ya zamani.
Niliibadilisha mimi, masika yale Tobin alipoondoka
na bunduki ya babake na televisheni.

"Unamjua?" konstebo aliuliza,
kalamu juu ya fomu, jicho pembeni.

Fomu hiyo pia ni kazi ya mkono wangu.
Kisanduku cha kwanza: mhalifu. Hakuna faini,
na gari linawashwa sasa hivi, linafuata nyayo.
Kisanduku cha tatu, kifungu kidogo cha b:
kosa la mtu wa nyumbani. Kengele ya uongo.
Maonyo mawili nilikuwa nayo tayari,
moja la upepo, moja langu mwenyewe.

Nilisema: cha tatu.
Nilisema kwa sauti, ili aandike:
mtu wa nyumbani.

Jumatatu nikaichapa barua. Mpendwa Bi. Klassen.
Nikaitia sahihi, nikailamba bahasha,
nikaipeleka posta ng'ambo ya barabara,
kwani utaratibu ni utaratibu.
Jumatano ikanifikia. Nikalipa.

Namba nimeirudisha ile ya zamani.
Sijamwambia mtu, na wa kumwambia
hana simu ninayoijua.
Lisemwalo lipo, na kama halipo, li njiani.
Glavu imekaukia juu ya kipasha joto,
imekunjamana vidole.
Mikono ya baridi hukosea namba hata ikiijua,
na ya nne ni mia na hamsini.
Nimezitia humo ndani, zikisubiri.