Zamu ya Maji

Daktari Kaanaeli alirudi na sanduku moja la vitabu
na tabia mpya: hamalizi chai.
Huiacha ipoe kwenye kikombe cha bati
akitusimulia pafu la mtu mwingine.

Lilikuja ndani ya barafu, anasema,
limenywea, la kijivu,
kama shuka la wodi lililofuliwa mara mia.
Kushona haikuwa kazi. Kushona sote tunajua.
Kazi ilikuwa kufungua koleo.

Ukiachia damu yote kwa mpigo
pafu linakasirika.
Linavimba, linajaa maji,
linamzamisha mwenyewe juu ya godoro kavu.
Na damu nayo ina ugomvi wake:
ikizungushwa saa tatu kwenye mipira ya mashine
inarudi mwilini ikitafuta wa kupigana naye.
Kwa hiyo walifungulia kidogo. Wakangoja.
Dakika kumi, anasema,
na mkubwa wao hakuruhusu mtu kukohoa.

Nikamwona shangazi Ndeanasia, Kibosho,
saa nane usiku, zamu yetu ya mfongo,
khanga kiunoni, tochi mdomoni.
Hakung'oa kizibo cha mgomba.
Alikisogeza tu, upana wa kidole,
akasikiliza maji yakiuliza njia,
kisha kidole cha pili.
Jirani yetu Kileo alifungua kwa pupa mwaka ule;
kulipokucha maharage yake yalikuwa barabarani.

Hapa Moshi hatupandikizi mapafu.
Leo tuna Loishiye, mchimbaji wa Mererani,
kipande cha pafu la kulia kimeharibiwa
na vumbi, na kifua kikuu cha zamani.
Miaka ile tungempasua toka mgongoni hadi chini ya titi,
tungetanua mbavu kwa chuma mpaka moja ilie,
kisha siku tisa za homa,
na mimi nikibadilisha mashuka
nikiiita homa hiyo kawaida.

Leo tundu halipiti kiganja changu.
Kaanaeli analisogeza pafu kwa pamba iliyoloa.
"Taratibu, Manka," ananiambia,
ingawa mimi nimesimama tu.
Nahesabu vitambaa: kumi na viwili.
Nahesabu tena.

Siku ya tatu, nyuzi thelathini na saba na nusu.
Loishiye anauliza kama nyama inaruhusiwa.
Siandiki kwenye faili kwamba nimefurahi;
siku ya nne bado.
Naandika: anapumua mwenyewe.
Upana wa kidole.