Bitana

Baba yangu, Sivakozhundu, fundi wa cherehani
mtaa wa nyuma ya soko la Karaikudi,
ana kiuno cha inchi ishirini na nane.
Najua, maana mimi ndiye niliyempima
alipojishonea suruali ya harusi yangu
akakataa kuongeza hata upana wa kidole:
"Kitambaa ni pesa, Malarvizhi. Kata palepale."

Kisukari alikipata mwembamba,
akaishi nacho mwembamba, miaka kumi na mmoja,
kama mtu aliyekabidhiwa barua isiyo yake.
Magonjwa ya mafuta, alisema, yana wenyewe,
akimtazama Muthupalaniappan, muuza mchele wa jumla,
ambaye kila msimu huleta kizibao kifumuliwe ubavuni.
Wakacheka wote wawili, pini zimo mdomoni mwa baba.

Halafu Daktari Yogambal akampaka tumboni ule mlenda baridi,
akazungusha kidude chake chini ya mbavu zinazohesabika,
na kwenye kioo ini likatokea jeupe,
linang'aa
kama nazi iliyovunjwa usiku.
"Mafuta," alisema.
Baba akageuza shingo kutazama mlangoni,
akidhani ameingia mgonjwa mwingine.

Nyumbani hakuna aliyeuliza. Mama
alisubiri alale, akayaanua mashati yake kambani,
akayanusa moja moja, kwapa na kola,
akitafuta pombe.
Ini na pombe: ndiyo hesabu mtaa unayoijua.
Alikuta moshi wa pasi. Alikuta wanga,
ule wa kukazia kola.
Nikamsikia akilia jikoni, na sijui hadi leo
kama ni kwa aibu ya kumshuku
au kwa kukosa wa kumlaumu.

Wanga, mama. Ndio huohuo,
ulio kwenye kola na ulio kwenye sahani:
wali mchana, kiporo asubuhi,
vikombe vinne vya kahawa, sukari kijiko kimoja tu,
kijiko kimoja mara nne mara miaka.
Wanga hawa hawatembei uchi makaburini.
Huingia na chakula, mchana kweupe,
na mwili usio na ghala,
usio na kitambi wala paja la kuwekea akiba,
huwatandikia kitanda kwenye ini.
Daktari alisema hivyo, kwa maneno mengine.

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako
walikuwa wameshapekua nguo.
Baba alipekua maisha yake yote:
pindo, mshono, mfuko wa siri wa mfanyabiashara.
Bitana yake mwenyewe hakuigeuza.

Na ini ni jinga kwa kunyamaza.
Jino hupiga kelele. Goti humshitaki mwenyewe kwenye ngazi.
Mtu hulia amekatwa maini
kwa neno moja tu la shemeji;
haya ya baba yalikatwa miaka
na yeye anapiga mluzi, anapitisha uzi kwenye sindano.

Sasa alfajiri huzunguka bwawa la hekalu mara sita.
Hakuambiwa akonde. "Ukikonda tena," alisema daktari,
"utabaki jina. Jenga misuli."
Basi huinua pasi mbili za mkaa, tupu,
juu, chini, juu,
na watoto wa jirani humhesabia, wakikosea makusudi.
Hunywa uji wa ulezi amekunja uso.
Kahawa huinusa ya mama.

Juzi Muthupalaniappan amekuja na kizibao chake.
Naye alipimwa, baada ya kusikia habari. Lake safi.
Alilisema hilo kwa sauti ndogo, akitazama sakafu,
kama mtu aliyepewa chenji ya mwingine.
Baba akakipokea kizibao. Hakuchukua futi.
Alikigeuza kwanza nje ndani,
akapitisha kiganja kwenye bitana, polepole,
mshono hadi mshono, bila kusema.

Miezi sita, alisema daktari, ndipo turudi.
Imebaki minne.