Njia ya Kukata Kushoto

Miaka sita nilisimama hapa kila alfajiri, indiketa ikilialia,
nyuma yangu honi, mbele yangu malori ya kwenda Dayton,
na Bi Lorna Pruitt kibarazani, kikombe mkononi,
akinihesabia mwanya: bado, bado…
haya, pita!

Kaunti ikaja na vigingi vya rangi ya chungwa.
Ikamega futi kumi na mbili za ua wake:
mti wa kivuli, sanduku la barua, mawaridi mawili.
Lile ombi nililitia sahihi mimi,
kwa wino wa bluu.

Sasa nina njia yangu; mshale wa kijani
hunipa sekunde saba.
Nakata bila kugeuza shingo.

Jana tu, kazini, nikajiuliza:
lile pazia lake, limefungwa tangu lini?