Kengele ya Maji

Mimi ndiye mgonga kengele.
Miaka kumi na tisa: kipande cha reli
kinaning'inia kwenye kenchi la ukumbi,
na nyundo iliyokwisha kubadilishwa mpini mara tatu.
Jina langu Velayudhan. Watoto huniita Ting-Ting
wakidhani sisikii.

Palakkad, mwezi wa tatu. Jua linapita
kwenye pengo la milima kama limetumwa kudai deni.
Bi Rosili, mwalimu mkuu, akaleta agizo:
mara tatu kwa siku, mbali na kengele za vipindi,
igongwe kengele ya maji, kila mtoto anywe.

Nikagonga. Chupa mia tatu zikafunguliwa,
shingo zikainuka
kama kuku wanaomshukuru Mungu.

Ila Anaswara wa darasa la sita.
Yeye aliinua chupa, akalowesha midomo, akaifunga.
Siku ya kwanza. Ya pili. Ya tano.
Maji ya jira aliyochemshiwa alfajiri
yalirudi nyumbani yote, yakiwa ya moto upya kwa jua.

Bibi yake, Ammini, akanikabili getini:
"Mjukuu wangu analia akikojoa.
Mkojo rangi ya chai ya mkandaa.
Daktari kasema maji, maji, maji.
Mimi namchemshia. Nyinyi huku mnamfanya nini?"

Nikasema sijui.
Na kweli sikujua, ndiyo aibu yangu,
maana mlango ule naupita kila siku
nikienda kumwagilia mchicha wa chakula cha mchana:
choo cha wasichana, tundu mahali pa komeo,
na kamba ya katani
anayoishika mmoja nje, mwenzake akiwa ndani.

Nilimuuliza mtoto. Akatazama viatu vyangu.
"Nivedya amehama," akasema.
Basi.
Sikuelewa mpaka usiku, nimelala chali,
feni inazunguka, umeme unakuja na kwenda,
nikauona mkono wa Nivedya umeshika ile kamba,
kisha kamba peke yake.

Nikaomba komeo. Fomu. Saini tatu.
Kamati ingekaa baada ya mitihani.
Kibofu hakijui kamati.

Komeo, rupia sitini na tano.
Skrubu alinipa bure muuza duka,
mwanafunzi wetu wa zamani, mchelewaji sugu,
ambaye asubuhi nyingi nilimshikia nyundo hewani
mpaka avuke barabara.

Nikalifunga Jumamosi. Skrubu ya nne ilikataa,
mbao imeoza; nikashindilia njiti za kiberiti
ikang'ata.
Nikatia sabuni ndani ya soksi kuukuu,
nikaifunga bombani isitoroke.
Mke wangu akauliza soksi nyingine iko wapi.

Jumatatu Bi Rosili akaniita palepale mlangoni.
"Mali ya serikali, bila idhini?"
Kisha akaingia. Akafunga. Nikasikia: kacha.
Akakaa kitambo kirefu kuliko haja.
Alipotoka alikuwa anafuta miwani.
"Cha walimu nacho hakifungiki," akasema.
"Miaka kumi na mmoja sinywi chai hapa."

Yeye. Mwenye agizo.

Sikupata la kusema. Nikamwambia
duka linafungwa saa kumi na mbili.

Saa nne na nusu nikagonga, labda kwa nguvu mno;
kunguru waliruka juu ya paa la jiko.
Shingo zikainuka darasa hadi darasa.
Sikumtazama Anaswara. Mtoto hatazamwi akinywa,
ametazamwa vya kutosha.
Nilisimama nyuma ya nguzo, nikatega sikio
chupa ilipotua juu ya dawati.

Ililia kama kitu kitupu,
au nusu kitupu. Siwezi kuapa.
Sikio langu limekaa miaka mingi
karibu mno na chuma.