Bodi Iliyobeba Chumvi

Ilipanda Newala kwa gia ya kwanza,
Hailaksi ya Somoe Nandonde,
mlango wa nyuma umefungwa kamba ya katani
kama taya la maiti.

Miaka kumi na mmoja ilibeba chumvi
kutoka majaruba ya Lindi,
magunia yakivuja, mvua ikiyeyusha,
na ile chumvi, mgeni asiyeaga,
ikajipenyeza chini ya rangi
ikala bila kutafuna.
Niligonga sakafu kwa kidole, si kwa nyundo.
Kidole kikatokea upande wa pili.

"Unabomoa au unaziba?"
Bati hili ukiliziba leo, nikamwambia,
kesho ni kiraka juu ya kiraka, nguo haionekani.
"Basi bomoa. Ila nyundo ya kwanza naipiga mimi."
Akaipiga.
Vumbi jekundu likamkaa kwenye nyusi.

Tulikata siku mbili, mimi na Bakili,
dogo wa Kitangari asiyevaa miwani mpaka nimtukane.
Bolti saba za chasisi zilikataa spana,
zikakataa mafuta ya taa, zikakataa na matusi,
tukazimaliza kwa grenda.
Ya nane ikafunguka yenyewe, laini,
nikaitia mfukoni, sijui kwa nini.
Nikalamba kidole. Chumvi bado.

Sasa anataka ibebe maji.
Huku juu maji ni habari
ya mtu aliyetoka bondeni.

Tangi la lita elfu: tani nzima hiyo.
Yeye: likae nyuma kabisa, liwatazame watu.
Mimi: likikaa nyuma, mlimani gari litainua pua,
usukani utakuwa mwepesi,
na wepesi ule dereva hausikii mara mbili.
Chumvi ukiiweka inakaa.
Maji yanatembea. Wewe umeshafunga breki,
yenyewe bado yako safarini.

Tukabishana mpaka chai ikaota utando.
Nikachora kwa chaki, sakafuni:
tangi mbele, mgongo kwenye kichwa cha gari,
bomba lipite chini ya bati mpaka mkiani.
Akatazama. Akaondoka bila kuaga.

Kesho yake alikuja na ndoo ya lita kumi
na mtoto wa dada yake, Zawiya, miaka tisa.
"Usipime kwangu. Anayechota ni huyu."
Mtoto akasimama wima kama yuko shuleni.
Koki: sentimita sabini na tano.
Chini yake kidato cha kukunja, arobaini na tano,
ndoo ijae ikiwa imeshamfika kiunoni,
asianze kuinyanyua kutoka mavumbini.
Ramani yangu ya chaki
haikuwa na mtoto.

Bati la milimita tatu lilikuja juu ya basi la Masasi.
Umeme ulikatika katikati ya mshono,
ukarudi saa nne usiku, nikaamka.
Pembeni nilitoboa mashimo manne ya kutolea maji.
Chumvi ililala humu miaka,
maji sitayatandikia kitanda.

Bakili alitaka kuandika mlangoni MAJI NI UHAI,
kwa herufi za kivuli, nyekundu na njano.
Somoe akasema, "Wanajua,"
akachagua kijivu.

Ilishuka bondeni Jumamosi, ikapanda imejaa.
Nilisimama kwenye kona ya mwisho
nikisikiliza maspringi, si injini.
Yalilia kidogo tu.

Bodi ya zamani iko nyuma ya banda.
Mbuzi wa jirani huja alfajiri kuilamba,
wanagombania ubavu wa kulia
ambako magunia yalivuja zaidi.

Salio hajamaliza.
Kila Jumanne ananishushia madumu mawili:
moja la kupoozea chuma,
moja nalifungua hapo hapo, nakunywa.
Hayana ladha yoyote.
Nakunywa tena.