Nusu Saa ya Pakou

Kanuni ya kwanza tuliyofunzwa Agosti ile,
chumba cha chini ya maktaba, Saint Paul, Minnesota:
kalamu aishike mwanafunzi.
Mkufunzi aulize tu. Ashike kikombe chake cha kahawa,
ashike ulimi, ashike saa.

Nami niliishika kalamu.

Februari, theluji imepanda hadi kizingiti cha dirisha,
Pakou Xiong aliingia na kurasa nne
na koti ambalo hakulivua.
Insha ilimhusu bibi yake, kambi ya ng'ambo ya Mekong,
kitambaa alichokidarizi miaka mitatu,
watu wa uzi wakikimbia pembezoni.
Ukurasa wa pili, mstari wa sita:
"Bibi alilia kwa mikono."

"Una maana alishona akiwa na huzuni?"
Akaitazama meza. Zilibaki dakika nane,
na mlangoni kijana wa timu ya hoki
alikuwa akitikisa goti, akisubiri zamu.
"Ndiyo," alisema. "Nadhani ndiyo."

Ndiyo ile nimeisikia tena na tena,
jikoni, kwenye taa nyekundu za barabara ya Snelling:
ndiyo ya mgeni anayesema ameshiba.

Nikaandika mimi, kwa mwandiko wangu wa mviringo,
*alishona kwa huzuni*.
Sarufi ikanyooka.
Bibi akanyamaza.

Watu hudhani hatia ni ya wezi na walevi.
Hawajatuona sisi, saa kumi na moja jioni,
tukifuta ubao, tukikunja viti:
Thaddeus, aliyeisifu hoja mbovu
kwa kuogopa kumvunja mtu moyo;
Marit Solheim, aliyetunga hitimisho zima,
kijana akapata A, na Marit akakosa usingizi;
na mimi, niliyekosea kwa kusahihisha.
"Tulifanya tulichoweza," tunaambiana.
Tunalizungusha neno hilo kama kisahani cha biskuti,
kila mmoja anachukua moja,
hakuna anayetafuna.

Machi alirudi, mashavu mekundu kwa baridi.
"B yenye msalaba!" akasema. "Asante sana."
Akaniachia mfuko wa machungwa.
Niliyala yote. Yalikuwa matamu.
Hilo nalo nalihesabu.

Sasa ni Agosti nyingine. Pakou ameajiriwa hapa,
mkufunzi mpya, safu ya mbele, daftari wazi,
na zamu ya kutoa mafunzo ni yangu.
Nasema: kalamu aishike mwanafunzi.
Mkono wake unapanda, taratibu.

"Na zile sentensi mnazozitoa," anauliza,
"huwa mnaziweka wapi?"

Wenzangu wanacheka, kwa wema.
Yeye hacheki, wala hajakasirika,
anasubiri tu, kalamu juu ya karatasi, tayari kuandika jibu.
Nami nimegeukia ubao,
mikono yangu inapapasa, inatafuta chaki
katika chumba ambacho hakijaona chaki miaka kumi.