Kitu Kisicho na Kitufe

Nyongeza ya gemu ilishuka Jumanne. Mnyambwa
aliiacha mashine ikipakua usiku kucha
kibandani kwake Nkuhungu, mwenyewe akalala mlangoni
umeme usije ukaondoka bila kumuaga.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu,
saruji ya Mtumba bado kwenye kucha.
Kutwa nzima nimepanga marumaru
katika wizara ambayo sitaingia tena ikishafunguliwa;
sasa nalipa mia tano
nikatembee mahali ambapo hapajapangwa.

"Fundi huyo," wakasema watoto.
Nina miaka thelathini na nane. Sikujibu.
Nilishika pedi, ile iliyofungwa plasta.

Ramani ya zamani naijua kama mfuko wa suruali yangu.
Lakini mashariki, palipokuwa na ukuta wa ukungu
tulioupiga vichwa miaka miwili,
leo pako wazi.
Nikaingia. Nyasi rangi ya uwele uliokomaa,
majabali yamebebana kama haya ya kwetu,
jiwe mgongoni mwa jiwe, sijui nani aliyapandisha,
halafu chumvi, uwanda mweupe,
na nyuma yangu nyayo. Za kwanza. Zangu.
Dodoma hii, ambako kila shamba limeshapigwa bikoni,
nani amewahi kuniachia mimi nyayo za kwanza?

Lameki wa darasa la sita ndiye kamusi yetu.
"Usikimbie, fundi. Chuchumaa.
Nyavu za shaba huwa anazichana, weka za fedha."
Njiani nimekamata chura wa kioo, watatu,
kitu kama sungura, ila kilichonuna,
na ndege mwenye mkia wa moshi
aliyenila nyavu tisa na mia tano ya pili.
Daftari la viumbe limejaa, imebaki nafasi moja:
kivuli cheusi, mgongo wa duara,
namba mia mbili kumi na nne.

Saa mbili usiku akatoka.
Taratibu, kama mtu anayetafuta funguo alizodondosha,
magamba yakiokota mwanga wa mwezi wa bandia.
Waliomtengeneza wamempa jina lao, refu.
Mimi nikasema: kakakuona.
Kibanda kikanyamaza.

Mwaka fulani, Mvumi, alionekana mmoja.
Walimleta uwanja wa ofisi ya kata, wakamtandikia
jembe, mtama kwenye ungo, maji kwenye kibuyu, mkuki.
Atakachogusa ndicho mwaka utakacholeta.
Nilikuwa na miaka saba. Niliona migongo.
Migongo ya mashati, ya kanga, mgongo wa mwalimu Ndahani,
na sauti ikipita juu ya kichwa changu:
"Ameenda kwenye maji! Maji!"
Kama mvua ilinyesha, sikumbuki.
Nakumbuka kwamba sikuona.

Leo yuko mbele yangu, na hakuna mgongo wa mtu.
Nyavu za fedha: mbili.
"Tupa," anasema Lameki. "Fundi, tupa, anazama!"
Napekua mkoba: dawa, kamba, mwenge, chambo.
Hakuna ungo. Hakuna kibuyu.
Kitufe cha kutupa kipo, cha kuruka kipo, cha kupiga,
cha kumwekea vitu chini, nikarudi nyuma,
nikangoja yeye ndiye achague,
hakipo.

Nikailaza pedi gotini.
Akaninusa. Naapa alininusa.
Akapita juu ya kivuli changu, akachimba,
chumvi ikamfunika.

Watoto walipiga kelele kama nimekosa penalti.
Nyemo alilia kabisa, machozi.
Mnyambwa akanitazama kitambo, akasema tu:
"Dakika zako zimeisha."

Kesho Lameki atamkamata, ana nyavu tano,
na ni haki yake, gemu ni gemu.
Mimi usiku huu nimejaza ndoo ya maji
nikaiacha nje, karibu na kizingiti.
Mke wangu ameuliza ya nini.
Nimemwambia nasikia kesho maji yatakatika.